Picha ya choo chetu wenyewe: vifaa vya darasa la watoto wenye usonji

Nilipopangiwa kitengo cha watoto wenye usonji (autism), hali inayomfanya mtoto awasiliane na kuhisi mambo kwa namna tofauti, katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, safari yangu ya kwanza ilikuwa Kariakoo. Nilirudi nimebeba chati za kila rangi: matunda, wanyama, herufi, viungo vya mwili. Nikazibandika ukuta mzima. Wazazi walisifu sana. Watoto hawakusifu. Mmoja alishinda juma zima akifuatisha kwa kidole mstari wa mkia wa simba, mwingine alikuwa akiziba macho kila akiingia. Ijumaa jioni nikazibandua zote, na Jumatatu yule wa pili aliingia macho wazi, akaketi.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujatoa hela, jiulize: mtoto akikitazama kifaa hiki, nami nimenyamaza, atajua afanye nini, afanye kiasi gani, na amemaliza lini? Watoto wetu wengi hushika wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Neno likitamkwa limepita. Picha bado ipo.

Ila picha ya nini? Hapo ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Tulipewa msaada wa kadi nzuri zilizochapwa ng'ambo. Ya choo ilionesha choo cha kukaa, cheupe, chenye mfuniko. Chetu ni cha kuchuchumaa, na mlangoni kuna ndoo ya bluu na kopo. Binti mmoja aliendelea kujikojolea muhula mzima, nasi tukimwita mkaidi. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Siku moja nikakipiga picha choo chetu kwa simu, ndoo na kopo vikiwemo, nikaichapisha stesheneri na kuipiga laminesheni. Haikufika wiki tatu, binti akaja na kadi mkononi, akanivuta gauni. Tangu hapo napiga picha vya kwetu: kikombe cha uji, bembea, mlango wa darasa, daladala ya shule.

Njia hii ya mtoto kumkabidhi mtu picha ili apate anachohitaji ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Mwanzoni inataka watu wazima wawili: mmoja mbele, ameshika kile mtoto anachokipenda, mwingine nyuma, akimsaidia mkono bila kusema lolote. Usimwambie "omba" wala "unataka nini". Mwache aanze yeye. Na kadi zikae anapozifikia. Zamani nilizifungia kabatini zisichanike, nisijue kwamba nimemfungia mtoto mdomo. Zishikize kwa ule utepe unaonata wa viatu na mabegi, mafundi cherehani wanao. Zitararuka, utachapa nyingine.

Kwa kazi za mezani huhitaji duka. Kopo la maziwa lenye mfuniko uliotobolewa, na vizibo kumi vya soda vya kutumbukiza humo. Vibanio vya nguo vya rangi mbili na kadi za rangi hizo hizo. Panga kazi kushoto, na kulia weka beseni la vilivyokwisha. Vizibo vikiisha kushoto, kazi imeisha, hakuna haja ya kubishana. Maharage na choroko niliviacha baada ya mtoto mmoja kujiingiza choroko puani. Betri ndogo za saa na sumaku zisikanyage kabisa darasani, zikimezwa zinaua.

Sauti nayo ni jambo la vifaa. Masika mvua ikipiga bati, nusu ya darasa langu hulia. Vile vifunika masikio vya mafundi wa kukata vigae vimetusaidia kuliko chati yoyote. Nina viwili tu, vinapokezanwa, na mtoto huviomba kwa kadi yake.

Kisha tazama anachokipenda mtoto, hata kama wengine wanakiona upuuzi. Nina kijana asiyetaka kitu ila mwendokasi, yale mabasi ya hapa Dar yenye njia yao. Nilipambana naye mwaka mzima kumrudisha kwenye "baba, bibi, bata". Nilikosea. Nikamtengenezea kadi za vituo: Kimara, Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni, Jangwani, mpaka Kivukoni. Alizipanga siku ya kwanza bila kukosea hata moja. Sasa anasoma silabi kutoka humo, na anahesabu abiria wa vizibo wanaopanda na kushuka.

Kila seti chapa mara mbili, ya pili iende nyumbani, na mzazi aoneshwe namna ya kuitumia akiwa amekaa na mtoto, siyo kwa kuandikiwa kwenye daftari. Yule binti wa choo, mama yake alirudi kuomba picha nyingine. Choo cha kwao Mbagala hakina ndoo ya bluu. Tukapiga ya kwao.