Paneli za Mlango wa Gereji Zimevimba

SWALI: Mlango wangu wa gereji ni wa mbao, wa mbawa mbili, fremu ni ya mkongo na paneli ni za paini. Tangu masika yaliyopita paneli za chini zimevimba, rangi imebanduka na mlango unakwaruza sakafu. Fundi ananishauri niutupe wote. Je, siwezi kuutengeneza mwenyewe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usiutupe kabla hujaupima. Chukua bisibisi nyembamba uchomechome mbao kuanzia ukingo wa chini kwenda juu. Ncha ikigoma, mbao ni nzima, imevimba tu. Ikizama bila nguvu na kutoka na unga wa kahawia, imeoza na paneli hiyo haina budi kubadilishwa. Fremu ya mkongo sina wasiwasi nayo sana, kwa kuwa mti huo haushindwi upesi na maji.

Ung'oe mlango kwenye bawaba, ukwangue rangi iliyolegea, kisha uulaze juu ya vipande vya mbao, kivulini penye upepo, mpaka ukauke kabisa. Usiuanike juani, kwani uso hukauka kabla ya ndani na mbao hupasuka. Mashimo madogo yachonge kwa patasi hadi ufikie mbao ngumu, uyajaze puti ya epoksi na kuyapiga msasa. Paneli mpya ikate iwe pungufu kwa milimita 3 hivi kila upande ndani ya mfereji wa fremu, wala usiigundishe wala kuipigilia misumari, kwa sababu mbao hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ikibanwa itapasuka.

Hata hivyo, kiini cha tatizo lako, naamini, ni ukingo wa chini. Mbao hunywa maji zaidi kupitia ncha zilizokatwa, nasi tuna desturi mbaya ya kupaka rangi mbele na nyuma, huku ukingo huo usioonekana ukiachwa mtupu, ilhali ndio unaorushiwa matone ya mvua yanayodunda sakafuni. Upige randa hadi mlango uwe juu ya sakafu kwa sentimita 1 hivi, kisha uupake rangi ya msingi ya mafuta mara mbili, ukiishindilia brashi kwenye kila ncha, ndipo upake rangi ya juu pande zote. Ikiwa maji husimama mlangoni, mwite mwashi auelekeze mteremko wa sakafu nje kabla hujaurudisha mlango kwenye bawaba.