Mpokea simu za dharura: jinsi ya kumfundisha na kumtunza asiikimbie kazi

Kituo cha simu za dharura kikizinduliwa, wageni hupiga picha skrini kubwa ya ukutani na kompyuta mpya. Mwaka mmoja baadaye skrini bado ipo, ila nusu ya waliofundishwa wameshaomba uhamisho. Waliobaki wanafanya zamu mbili mfululizo. Tatizo hili linazuilika, na njia zake hazina siri. Tunaandika kwa ajili ya wasimamizi, hasa wa vituo vinavyopokea 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa Tanzania wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mfumo huo ulianzia Shinyanga na Sengerema, kisha ukaanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mengi tunayosema yanafaa pia vituo vya polisi na zimamoto.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini. Mjamzito anaanza kutokwa na damu kijijini, ndugu yake anapiga 115. Mpokea simu anapima hali, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anampigia dereva wa ngazi ya jamii aliyesajiliwa. Anaitaarifu hospitali inayompokea mgonjwa, halafu anarudi kwa familia kuwaambia gari limefika wapi. Simu moja imezaa nyingine tatu au nne, na katikati yake ipo inayoita kwa tukio jingine. Ukipanga mafunzo na idadi ya watu kwa kuhesabu simu zinazoingia peke yake, umeshakosea hesabu.

Mahali kwanza

Swali la kwanza ni "Upo wapi?", la pili ni namba ya simu ya kumrudia. "Kuna nini?" linafuata baada ya hapo. Sababu yake ni chaji na mtandao. Simu ikikatika ukiwa unajua mahali, gari linaondoka. Ikikatika ukiwa unajua ugonjwa tu, umebaki na kilio kisicho na anuani.

Mahali huulizwa kwa ngazi: wilaya, kata, kijiji au mtaa, kitongoji, kisha alama ambayo dereva ataiona gizani. Kisima au mwembe hauonekani saa nane usiku, lakini mnara wa simu, msikiti wenye taa au zahanati vinaonekana. Uliza na jina la mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa mtu yeyote atakayekutwa njiani anamjua. Kata isirukwe hata mara moja. Majengo ipo karibu kila mji, Azimio na Mtakuja nazo zimejaa nchi nzima, na gari likienda Majengo isiyo yenyewe linapoteza saa nzima. Palipowekwa kibao cha anwani za makazi, mwambie mpigaji atoke nje akisome.

Kwa hili kuna zoezi moja tunalolipendekeza kuliko mihadhara yote. Mpeleke mtu sehemu asiyoijua mwanafunzi, apige simu akiwa huko. Mwanafunzi aandike maelekezo, kisha mwendesha bodaboda mgeni ayafuate bila kuruhusiwa kuuliza mtu njiani. Pale alipopotea ndipo swali lilipokosekana. Gharama ni lita moja au mbili za petroli, na mwanafunzi akilifanya mara kumi anaanza kuuliza vizuri bila kukumbushwa.

Saa nazo zina mtego. Mpigaji anasema chupa ya uzazi imevunjika "tangu saa nane". Mpokea simu aliyechoka anajaza 08:00 kwenye mfumo, wakati mwenzake alimaanisha saa nane usiku, yaani 02:00. Hapo saa sita za uchungu zimefutika, na hospitali inajiandaa kumpokea mama ambaye hali yake siyo ile iliyoandikwa. Kanuni iwe moja kwa kila zamu: usiandike saa kabla hujarudia kwa sauti, "Saa nane ya usiku wa kuamkia leo, siyo?", na andika kwa mfumo wa saa 24 tu.

Kadi za maswali zisomwe

Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City, Marekani, alianza kuwapa wapokea simu kadi zenye maswali na maelekezo yaliyopangwa. Mpaka leo vituo vingi duniani hufanya kazi kwa mtindo huo. Wauguzi wenye uzoefu mara nyingi huziona kadi kama dharau, na tunawaelewa, lakini kadi haipimi akili ya mtu. Ipo kwa sababu saa kumi alfajiri, mtu akikupigia kelele sikioni, kumbukumbu hukimbia.

Andikeni kadi kwa maneno ya wapigaji. Mwanakijiji hasemi mgonjwa amepoteza fahamu, anasema amezimia, ameanguka, amekata kauli. Neno linalohitaji mazoezi mengi zaidi ni "anakoroma". Moyo ukishasimama, mwili huweza kuendelea kuvuta pumzi moja moja zenye mkoromo kwa dakika kadhaa. Familia hufurahi ikidhani mgonjwa amelala, na mpokea simu asiyejua naye hufurahi pamoja nao. Maswali ni mawili: "Ukimwita na kumtikisa, anaamka?" na "Anapumua kama kawaida?" Jibu likiwa anakoroma au anavuta kwa mbali, mwambie mpigaji aangalie kifua na aseme "sasa" kila kinapoinuka. Kati ya "sasa" moja na nyingine zikipita sekunde 10, usingoje zaidi, anza kumwelekeza akandamize kifua.

Maelekezo yawe mafupi, moja baada ya jingine. Weka simu kwenye spika, iweke chini karibu na kichwa chake. Mlaze chali sakafuni, mtoe kitandani, kwa sababu godoro hunywa nguvu zote. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake. Kandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5, kisha achia kifua kirudi juu. Kasi ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokea simu ahesabu kwa sauti pamoja na mpigaji mpaka msaada ufike. Chama cha Moyo cha Marekani kinataka mkandamizo wa kwanza uanze ndani ya sekunde 90 tangu anuani ijulikane. Jaribuni kwa saa ya kweli: mwanafunzi chumba kimoja, chumba cha pili mtu asiyejua lolote mwenye mto wa kukandamiza na simu ya kitochi. Majaribio ya mwanzo karibu yote hupita sekunde 90, kwa sababu mwanafunzi huongea sana.

Kwa wajawazito na waliojifungua, kadi mbili zisikosekane mezani. Ya damu: uliza kitambaa au pedi inajaa ndani ya muda gani. Ikijaa chini ya dakika 5, hiyo ni damu ya hatari, gari liitwe kabla hujamaliza maswali mengine. Kama mtoto na kondo la nyuma vimeshatoka, elekeza asuguliwe tumbo chini ya kitovu mpaka lisikike gumu, anyonyeshe, na akojoe kama anaweza. Ya kifafa cha mimba: alazwe ubavu wa kushoto, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asitiwe kitu chochote mdomoni. Sema waziwazi "usimwekee kijiko, usimnusishe kiberiti", maana mpigaji tayari ameshavishika mkononi. Ukisema tu "usimpe kitu", kijiko kitaingia.

Simu za watoto wanaocheza ni nyingi na zinachosha. Hata hivyo simu iliyo kimya isikatwe kabla ya kusema, "Kama huwezi kuongea, bonyeza kitufe chochote." Bandikeni pia ukutani nani katika zamu anajua Kisukuma, Kimasai au lugha nyingine ya eneo lenu, pamoja na namba ya kumpata akiwa hayupo zamu.

Kukaa pembeni, kisha kusikilizwa

Semina ya siku mbili hotelini haimtoi mpokea simu. Kozi ya msingi ya APCO, chama cha wafanyakazi wa mawasiliano ya dharura nchini Marekani, ni ya saa 40, na hiyo ni ya kuanzia tu. Sisi tunashauri wiki mbili za darasa na simu za mazoezi, kisha wiki nne hadi sita akiwa na mlezi. Wiki ya kwanza asikilize kwa hedifoni ya pili bila kuongea. Wiki ya pili aandike wakati mlezi anaongea. Kuanzia ya tatu aongee yeye, mlezi akiwa na uwezo wa kuichukua simu wakati wowote. Asiachwe peke yake usiku kabla hajapita angalau zamu tatu za usiku na mlezi. Na mlezi achaguliwe kwa upole wa kufundisha, siyo kwa miaka ya kazi.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kusikiliza rekodi. Kila wiki chagua simu tatu za kila mtu kwa bahati nasibu, usingoje malalamiko. Angalia mambo machache: mahali palijulikana kwa sekunde ngapi, namba ilirudiwa, kadi ilisomwa kama ilivyo, mpigaji aliambiwa afanye nini akisubiri, na sauti ilibaki tulivu. Kaeni wawili, yeye aseme kwanza anachokisikia. Fanyeni ndani ya siku saba, maana baada ya mwezi hakuna anayekumbuka alikuwa anafikiria nini.

Vituo vingi vinaharibikia hapa. Rekodi zikianza kutumika kuandika barua za onyo, wapokea simu hujifunza kujilinda. Simu zinakuwa fupi, maelekezo magumu yanarukwa, kila mtu anakimbilia "subiri gari linakuja". Makosa ya nidhamu yawe na njia yake na mtu wake. Rekodi zenyewe ni taarifa binafsi za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Hairuhusiwi kuihamishia rekodi kwenye WhatsApp ya mtu, hata kwa nia ya kufundishia.

Baada ya simu nzito

Mpokea simu haoni damu. Anasikia tu, na masikio hayana pa kugeukia. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotoka 2013 unakubali kwamba mtu huweza kuumia kwa kukutana tena na tena, kwa sababu ya kazi, na undani wa mambo ya kutisha. Wasimamizi wanaosema "wewe ulikuwa ofisini tu" wanakosea, na kauli hiyo inaumiza.

Andikeni mapema orodha ya simu zinazomtoa mtu kwenye kiti moja kwa moja, bila yeye kuomba: mtoto aliyefariki, mama aliyekata roho mpigaji akiwa hewani, aliyejaribu kujiua, mpigaji ambaye ni ndugu au jirani wa mpokea simu. Ongezeni na ile inayosahauliwa, pale gari lilipokosekana kabisa. Mtu alifanya kila kitu sawasawa, akabaki anaisikiliza familia ikisubiri kisichokuja. Hiyo hukaa moyoni muda mrefu kuliko nyingine, na msimamizi anapaswa kutamka mbele ya wote kwamba upungufu ulikuwa wa magari.

Atoke dakika 20. Apate maji, hewa, na mwenzake wa kukaa naye akitaka. Asilazimishwe kusimulia. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, inaelekeza kutowapa watu vikao vile vya kukusanywa na kueleza kilichowapata ili kuzuia madhara ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwenye huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia mtu anahitaji nini, msikilize anachotaka kusema, muunganishe na msaada. Muulize tena baada ya siku mbili au tatu, kisha baada ya mwezi. Kama bado halali, anashtuka simu ikiita, anabadilishana zamu ili akwepe usiku, au amekuwa mkali nyumbani, apelekwe kwa mtaalamu. Jina la afisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha wa hospitali na namba ya chumba chake vijulikane kabla ya kuhitajika, na mtu huyo asiwe anayeandika tathmini ya utendaji wa wafanyakazi.

Kingine kinachosaidia sana ni majibu. Kila Jumatatu msimamizi apige wodini, aandike mama gani alifika na ilikuwaje, awarudishie waliopokea simu hizo, kila mmoja yake. Anayetaka kujua aambiwe, asiyetaka aachwe. Bila hivyo mtu hubaki na simu mia zisizo na mwisho kichwani.

Hesabu ya viti

Kiti kimoja kinachokaliwa saa 24 kina saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo ukigawa unapata watu 3.7. Toa likizo ya siku 28, sikukuu, siku za kuumwa na za mafunzo, unakaribia wanne na nusu. Ongeza mapumziko ndani ya zamu na robo saa ya kukabidhiana, unafika watu 5 kwa kila kiti. Viti viwili ni watu 10. Kituo chenye viti viwili na watu sita hakina wa kukalia kiti mtu anapotoka zile dakika 20, na hakina wa kumsikiliza mwenzake. Sheria hiyo hiyo inataka saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Kama bajeti ya mwaka huu inaruhusu jambo moja tu, tunashauri muajiri mtu wa tano wa kila kiti kabla ya kununua skrini nyingine, na kwenye bajeti hiyo wekeni nauli ya kumrudisha nyumbani anayetoka zamu usiku.