Omaha ya kugawana poti: nilivyojifunza baada ya kunyolewa sana

Mkuu mleta uzi, umesema umeizoea Texas Hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani), jamaa zako wamehamia poka nyingine, Omaha ya kugawana poti, na kila ukikaa nao unaondoka mtupu. Unauliza uanzie wapi. Nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Nilikaa Columbus, Ohio, miaka sita, na kila Jumapili jioni tulicheza nyumbani kwa jamaa mmoja wa kazini. Dau lilikuwa dola 1 kwenye raundi mbili za mwanzo, dola 2 kwenye mbili za mwisho. (Ndugu zangu wa Kenya, hii siyo ile poka yenu ya kukimbizana kumaliza karata mkononi. Huu ni mchezo mwingine kabisa.)

Mimi nimekulia kwenye arubastini na lasti kadi, Hold'em nilijifunzia ukubwani. Kwa hiyo nilipoambiwa Omaha unapewa karata nne badala ya mbili, nilifurahi kama mtoto. Nne si nyingi kuliko mbili? Usiku wa kwanza nikashika ree ya shupaza, K ya kopa na 9 mbili. Mezani zikafunuka shupaza nne: 2, 7, J na Q. Kwa akili ya Hold'em nina shupaza tano, tena ya juu ni ree, nani ananigusa? Nikapandisha dau hadi mwisho. Nikafunua karata kwa mbwembwe, mzee mmoja mstaafu akanitazama kwa huruma, akaweka 5 na 6 ya shupaza, akazoa zote.

Sheria niliyoivunja ndiyo roho ya mchezo wote: lazima utumie karata mbili kamili kutoka mkononi na tatu kamili kutoka mezani. Si moja na nne, si tatu na mbili. Mimi nilikuwa na shupaza moja tu mkononi, kwa hiyo sikuwa na rangi moja (karata tano za alama moja) hata kidogo. Kabla hujajifunza kitu kingine chochote, hilo likae kichwani mpaka ulione usingizini.

Sasa kugawana. Poti, yaani fedha zote zilizowekwa mezani, hukatwa mara mbili. Nusu anachukua mwenye mkono bora wa kawaida wa poka, nusu nyingine mwenye mkono bora wa chini. Mkono wa chini ni karata tano tofauti, zote kuanzia 8 kushuka, na ree inahesabiwa kama 1. Mfuatano au rangi moja hauuharibu, kwa hiyo ree-2-3-4-5 ndiyo bora kuliko yote upande wa chini, na upande wa juu unabaki kuwa mfuatano. Kulinganisha, unaanza na karata kubwa: 7-6-5-4-3 inaipiga 8-4-3-2-ree, kwa sababu 7 ni ndogo kuliko 8. Wengi hukosea hapa, wanatazama ule mwisho wenye ree.

Mezani zisipopatikana karata tatu tofauti za 8 au chini yake, hakuna mkono wa chini kwa mtu yeyote, na mwenye wa juu anabeba poti nzima. Ndiyo maana yule mzee alizoa zote: mezani ndogo zilikuwa 2 na 7 tu.

Raha yake ni kwamba karata mbili za upande wa juu si lazima ziwe zile zile za upande wa chini. Umeshika ree-3-10-10, mezani kuna 2-6-7-10-K. Juu unatumia 10 zako mbili, unapata 10 tatu. Chini unatumia ree na 3, unapata 7-6-3-2-ree. Karata nne zinatoa jozi sita, kila jozi na tatu za mezani zinazoweza kuchaguliwa kwa njia kumi, jumla mikono 60 ya kutazama. Usiogope namba, baada ya wiki kadhaa jicho linazoea.

Kilichonila fedha nyingi zaidi, lakini, ni ree-2. Kila anayeanza huambiwa ree-2 ni dhahabu, na ni kweli ni karata nzuri. Siku moja nimeshika ree-2-9-K, mezani 3-7-8 zikaja mapema. Sina kitu juu, ila chini hakuna wa kunizidi. Tulikuwa watatu, tukapandisha mpaka ukomo, yaani mara nne ya dau, kila raundi: dola 4, 4, 8 na 8. Kila mmoja ameweka 24, poti 72. Nusu ya juu, 36, ikaenda. Nikanyoosha mkono kuchukua 36 za chini, jamaa wa kushoto akafunua ree-2 yake. Tukagawana, 18 kwa 18. Niliweka 24 nikarudi na 18, na mkono wa chini ulio bora kuliko yote! Tungekuwa wawili tu, naye akachukua na nusu ya juu, ningerudi na 12. Tangu siku hiyo, nikiwa na ree-2 tupu bila kitu upande wa juu, nafuata dau tu, sipandishi.

Halafu kuna kuharibiwa. Una ree-2-K-Q, mezani 4-7-8, unatamba. Karata ya nne ni 2. Hiyo 2 yako imeishiwa kazi. Wewe unabaki na 8-7-4-2-ree, mwenye ree-3 anapata 7-4-3-2-ree na kukupita. Ungekuwa na 3 pembeni ungeponea hapo. Ndiyo maana watu wanapenda ree-2-3, na ree-ree-2-3 yenye alama mbili, karata mbili kwa kila alama, ndiyo ya kuombea. Za katikati, 7-8-9, mimi nazitupa. Zikishinda juu, mara nyingi mezani pana karata ndogo na nusu inakwenda kwa mwingine. Karata tatu zinazofanana mkononi nazo ni mkosi, kwa sababu moja ni mzigo tu.

Kwa mazoezi, chukua pakiti, gawa mikono sita ya karata nne sakafuni, funua tano, kisha sema kwa sauti nani kachukua juu na nani chini. Bila dau. Mke wangu alidhani naagua. Nilifanya hivyo karibu mwezi, na kilinisaidia kuliko video zote. Ukirudi kwa jamaa zako, omba dau lenye ukomo maalum, yaani kiasi cha kupandisha kimepangwa kama letu la dola 1 na 2. Omaha hii inachezwa sana hivyo, na hata World Series of Poker (mashindano makubwa ya poka huko Marekani) wana mashindano yake ya kiingilio cha dola 10,000 kwa mtindo huo huo.

Jipime na huu. Umeshika 2-3-4-K, mezani ree-2-3-9-J. Una mkono wa chini au huna? Mimi, mbele ya mzee yule, nilisema ninao. Alinionyesha kwa kidole, karata moja moja, mpaka nikaona kwamba ya kwangu inayofaa ni 4 peke yake.