Nataka kazi shuleni kwa wanangu, nianzie wapi?

*Ndugu wahariri, wanangu wawili wanasoma shule binafsi ya msingi hapa Dar es Salaam. Nina stashahada ya uhasibu, ila sijaajiriwa tangu nijifungue mdogo. Nasikia wafanyakazi hupunguziwa ada. Walimu wananijua, maana husaidia kwenye mahafali na michezo. Nifanyeje nipate kazi palepale?*
*Mama wa wawili, Mbagala*

Mama, anzia kwenye deni la ada. Kama lipo, lilipe au andikiana na shule mpango wa kulilipa kabla barua yako haijafika, hasa wewe unayelenga dawati la uhasibu. Atakayeipokea barua ataliona jina lako kwenye orodha ya wadaiwa kabla hajafungua vyeti.

Pili, mjue anayeajiri. Katika shule binafsi nyingi mwalimu mkuu hupendekeza tu. Meneja au mmiliki ndiye anayeamua na kupanga mshahara. Barua mwandikie meneja, ipitie kwa mwalimu mkuu. Kumwambia mwalimu wa darasa getini jioni “na mimi mnifikirie” si maombi ya kazi, na humtia aibu mtu asiye na uwezo wa kukusaidia.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, itaje nafasi moja. Watoto wataje kwa sentensi moja, ili isionekane umewaficha. Habari ya ada iache nje kabisa. Ambatanisha nakala za vyeti, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kama ulishawahi kuchangia, na majina ya wadhamini wawili. Mwalimu wa mwanao asiwe mmoja wao.

Mwaka wa masomo huanza Januari, kwa hiyo barua ya Septemba au Oktoba hukuta bajeti ya wafanyakazi bado haijafungwa. Barua ya Januari huwekwa kwenye faili na kusahaulika. Lakini kwa mhasibu kuna mlango mwingine: Januari na Julai, wazazi wanapolipa ada kwa wingi. Wengine huweka fedha benki bila kuandika jina la mtoto, au huandika la baba wakati daftari lina la mama. Ofisi hubaki na fedha isiyojulikana ni ya nani, na mtoto aliyelipiwa hurudishwa nyumbani. Omba mkataba wa wiki sita wa kulinganisha taarifa ya benki na daftari la ada. Ukiimaliza kazi hiyo vizuri, watakutafuta wenyewe muhula ujao.

Kujitolea si kubaya, mradi kuwe na karatasi yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, saa na posho ya nauli. Miezi mitatu inatosha. Ukiendelea bila karatasi hadi mwaka, shule itakuwa imeshazoea kupata kazi yako bure.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, ada ya 1,800,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na punguzo la nusu kwa wote wawili. Makato ya NSSF ya asilimia 10 ni 40,000. Kodi hutozwa kwenye 360,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, na 90,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Ada inayobaki, 1,800,000 kwa mwaka, ikikatwa kila mwezi ni 150,000. Mkononi unabaki na 202,800, na bado hujalipa nauli. Kama punguzo ni la mtoto mmoja tu, makato ya ada yanakuwa 225,000 na unabaki na 127,800. Ndiyo maana swali la “ni watoto wangapi?” huulizwa kabla ya kusaini.

Punguzo liandikwe kwenye mkataba: asilimia ngapi, watoto wangapi, kama chakula na basi vimo, na nini kinatokea ukiacha kazi katikati ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kiholela. Kama si makato ya kisheria, lazima uwe umekubali kwa maandishi. Uliza pia kama mshahara unaendelea wakati wa likizo ya Juni na Desemba. Kuna mikataba inayokatika Novemba na kuanza upya Januari.

Ukiajiriwa, jitoe kwenye kamati ya wazazi, na mambo ya ofisini usiyapeleke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Risiti za wanao mwenyewe aziandike mwenzako.

*Nina shahada ya biolojia, si ya ualimu. Shule anakosoma binti yangu walimu wameondoka, wananiambia nianze Jumatatu. Nikubali?*
*Mzazi, Morogoro*

Usishike chaki bado. Serikali inapotangaza ajira za walimu, shule binafsi hukimbiwa katikati ya muhula, na haraka hiyo ndiyo inayokuita. Sheria ya Elimu inataka anayefundisha awe amesajiliwa au awe na leseni, na tangu 2018 kuna sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Wathibiti ubora wa shule wakija hufungua mafaili ya walimu, na lako litakuwa tupu. Mwombe mwajiri mshughulikie leseni kwanza. Wakati mnasubiri, anaweza kukuajiri maabara au maktaba kwa mkataba unaosema hivyo. Ukiona kazi inakufaa, soma stashahada ya uzamili ya ualimu. Chuo Kikuu Huria huitoa kwa masafa, hulazimiki kuacha kazi.

*Vyeti vyangu vina jina la baba, NIDA ina jina la mume. Shule wamenirudisha.*
*Mama K., Tanga*

Hawakukuonea, dada. Majina yasipolingana, michango yako ya NSSF inaweza kukusumbua siku ya kuidai. Kiapo cha wakili kwamba majina yote ni yako huwaridhisha waajiri wengine. Kama unataka kulitumia jina la mume moja kwa moja, wakili akuandalie hati ya kubadili jina, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Nenda na vyeti halisi, cheti cha ndoa na cha kuzaliwa, na hakiki herufi moja moja kabla ya kusaini: “Mwanaisha” na “Mwanaesha” ni watu wawili mbele ya mfumo.