Meza ya Modeli: Je, 05/06 ni Mei au Juni?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimejiunga na mradi wa pamoja wa kujenga modeli za ndege. Washiriki tuko nchi mbalimbali, kila mtu anajenga mezani kwake. Tangazo linasema picha za modeli iliyokamilika ziwe zimemfikia mwandaaji kabla ya 05/06 kwisha. Mimi nilielewa tarehe tano Juni. Juzi mwenzangu mmoja kaniambia anakimbizana na muda kwa sababu mwisho ni tarehe sita Mei. Sasa hivi ni katikati ya Aprili na Spitfire yangu (ndege ya kivita ya Uingereza) ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, haijapata rangi hata tone. Kiwiliwili nimeshakigandisha, mabawa bado. Naona haya kumuuliza mwandaaji jambo ambalo pengine wengine wote wanalijua. Nifanye nini? (Msomaji mwenye Spitfire)

JIBU: Marahaba. Muulize leo hii. Haya iweke pembeni, maana ninyi wawili tu mmesoma tangazo moja mkatoka na tarehe zinazoachana kwa siku 30. Lazima wapo wengine waliokwama hapo hapo na wamenyamaza kama wewe. Swali lako litawasaidia na wao.

Ila liulize vizuri. Ukiandika "mwisho ni 05/06, sivyo?" atakujibu "ndiyo" na utabaki ulipokuwa. Taja miezi yote miwili kwa majina: "Tarehe ya mwisho ni 5 Juni au ni 6 Mei?" Hapo hana namna ya kujibu bila kutaja mwezi.

Wakati unasubiri jibu, rudi kwenye tangazo ulisome lote, hadi maandishi madogo ya chini. Tafuta tarehe nyingine aliyoiandika mtu yule yule. Kama siku ya kuanza imeandikwa 15/01, basi anatanguliza siku, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15. Ikiwa 01/15, anatanguliza mwezi na mwenzako ndiye aliyesoma sawa. Kama ametaja urefu wa mradi kwa wiki au miezi, hesabu kuanzia siku ya kuanza uone unaangukia wapi. Alama za katikati nazo husema kitu. Nukta, kama 5.6., hutumiwa sana na Wajerumani, Wapolandi na Warusi, na hao hutanguliza siku. Mwaka wenye tarakimu nne ukiwa mbele, 2026-05-06, kinachofuata ni mwezi. Mkwaju (/) peke yake haukuambii chochote.

Nchi ya mwandaaji usiitegemee sana. Ni kweli Wamarekani hutanguliza mwezi, nchi nyingi duniani hutanguliza siku, na China, Japani, Korea na Hungaria huanza na mwaka. Lakini Kanada mitindo yote mitatu inatumika, na Mmarekani akihama nchi huhama na mazoea yake. Zaidi ya hayo, tarehe nyingi siku hizi huandikwa na simu au kompyuta kwa kufuata mipangilio yake, na mwenye kifaa pengine hajawahi kuigusa. Kwa mwaka mzima kuna siku 132 zenye utata huu: chukua siku 12 za mwanzo za kila mwezi, uondoe zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 5/5.

Sasa tuzungumzie Spitfire yenyewe, maana hapo ndipo ninapoona hatari. Mpaka upate jibu, fanya kazi kana kwamba mwisho ni 6 Mei. Una takriban wiki tatu. Zinatosha, mradi usizigawe kwa kuangalia mikono yako inafanya kazi haraka kiasi gani. Zigawe kwa kuangalia rangi inakauka kwa kasi gani.

Hesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Siku mbili za mwisho ni za picha na za dharura. Usizipangie kazi nyingine. Kabla ya hapo kuna vanishi isiyong'aa, ambayo huiachi chini ya siku moja. Kabla yake kuna stika za maji: siku ya kuzibandika, na nyingine ya kuziacha zikauke ndipo ufute madoa ya gundi yake. Stika zinataka uso laini, kwa hiyo chini yake kuna vanishi ya kung'aa, siku nyingine. Ukizibandika juu ya rangi iliyokwaruza, hewa hunaswa chini yake na utando unaonekana kama fedha. Hilo hakuna vanishi itakayolificha. Kisha rangi za mwili: tumbo, halafu kijani na kahawia za juu. Kabla ya rangi ni praima, na kabla ya praima ni puti kwenye maungio ya mabawa, ambayo husinyaa inapokauka. Ukiipiga msasa mapema, mfereji utajitokeza tena chini ya rangi. Yote hayo, kwa rangi ya akriliki, yanakula siku tisa au kumi ukiwa mwangalifu. Kwa enameli ongeza kwa kila mkono wa rangi, kwa sababu enameli inayoonekana kavu kwa kidole huweza kuwa bado laini kwa ndani. Kipimo changu ni pua: inusie karibu kabisa. Ikiwa bado inanukia kiyeyushi, haijakomaa, na ukiifunika kwa vanishi kali unaweza kuiona ikikunjamana mbele ya macho yako.

Saa za kukausha ndizo saa za kazi nyingine. Magurudumu, propela, miguu ya kutua na mabomba ya moshi vipake rangi vikiwa pembeni, kila kimoja kwenye kijiti chake. Ukilazimika kupunguza, punguza chumba cha rubani: katika 1/72, kioo kikishafungwa, mikanda ya kiti ndiyo inayoonekana na mengi ya chini yake hayaonekani. Madoa ya uchakavu ya rangi ya mafuta ya wachoraji yaache kabisa mpaka ujue mwezi, kwa kuwa hayo hukauka kwa siku nyingi. Ukijibiwa kwamba ni Juni, utakuwa na siku 30 za kuyafanya kwa raha.

SWALI: Fundi, nina picha ya zamani ya P-47, ndege ya kivita ya Marekani, ikiwa uwanjani Uingereza. Inaonekana pua yake tu na mafundi wawili wamesimama; mabawa na mkia vimekatwa. Nyuma pameandikwa kwa kalamu 5/6/44. Naijenga katika 1/48. Nipake ile mistari myeupe na myeusi ya uvamizi wa Normandy au nisipake? (Mpenzi wa ndege za vita)

JIBU: Swali lako limenifurahisha, maana hapa mpangilio wa tarehe ndio unaoamua rangi ya modeli. Uvamizi ulikuwa 6 Juni 1944. Mistari, iliyokuwa ya kutambulisha ndege za Washirika, ilifanywa siri mpaka dakika za mwisho, na ndege za kivita zilipakwa tarehe 4 na 5 Juni. Kwa hiyo picha ikiwa ya 5 Juni, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndege yako ilikuwa na mistari, tena mibichi. Ikiwa ya 6 Mei, haikuwa nayo.

Muhimu ni kujua kalamu ilikuwa ya nani. Mwingereza angetanguliza siku. Mmarekani akiandika barua yake binafsi angetanguliza mwezi, lakini nyaraka za jeshi lao zilizoea kutanguliza siku na kuandika mwezi kwa herufi. Kwa mikwaju hiyo, naelekea kuona maandishi ya mtu binafsi. Kama picha ilitoka kwenye albamu, tafuta nyingine zenye mwandiko ule ule na namba iliyozidi 12; moja tu inatosha kumaliza ubishi. Angalia pia kama jina au alama iliyochorwa kwenye pua inatajwa katika kumbukumbu za kikosi, maana ndege nyingi ziliharibika au kuhamishwa kati ya Mei na Juni.

Usipopata ushahidi wowote na ukathibitisha kwamba kikosi kilikuwa cha Wamarekani, mimi ningeijenga bila mistari. Ukiamua kuipaka, kwa ndege ya injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, yaani milimita 9.5 katika 1/48: myeupe mitatu na myeusi miwili, ukianza na mweupe na kumaliza na mweupe. Mingi ilipakwa kwa haraka na kwa brashi za mkono, hivyo kingo zilizonyooka kama rula haziifai. Mwezi mmoja baadaye amri ilitoka kuiondoa sehemu za juu za ndege, kwa hiyo ndege ya vuli ya mwaka ule usiipake mistari juu ya mabawa.

SWALI: Nimeorodhesha modeli zangu zote kwenye Excel. Kila nikiandika 1/72 inageuka Jan-72. Nimechoka kufuta. (Mwenye maboksi mengi)

JIBU: Programu inadhani umeandika Januari 1972. 1/48 itaifanya Jan-48, na 1/35 itaifanya Jan-35. 1/24 ni mbaya zaidi, kwani itakuwa 24 Januari au Januari 2024 kulingana na mipangilio ya kompyuta. Meli zako za 1/350 na 1/700 zimesalimika kwa sababu hazifanani na tarehe. Chagua safu nzima ya vipimo na uipange iwe maandishi kabla hujaandika kitu. Ukiibadilisha baadaye, ile 1/72 itageuka 26299, ambayo ni hesabu ya siku inayotumiwa na programu yenyewe, na itakubidi uandike upya.

SWALI: Mimi ni mwandaaji wa miradi ya pamoja. Kila mara kuna watu wanachelewa na kudai hawakuielewa tarehe. Nitangazeje? (Mwandaaji)

JIBU: Waamini. Andika mwezi kwa jina na mwaka kwa tarakimu nne. Kama washiriki hawana lugha moja, tumia mtindo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988: 2026-06-05. Majina ya faili za picha nayo waambie waanze hivyo hivyo. Yatajipanga yenyewe kwa mfuatano sahihi. Taja na siku ya wiki, maana mtu akisoma vibaya, siku hiyo itamgutusha.

Halafu malizia na saa. "Saa sita usiku tarehe 5" inawaacha watu wakijiuliza kama ni usiku wa kuamkia tarehe 5 au wa kuamkia tarehe 6. Na saa za dunia, zikipimwa kwa UTC (saa ya kimataifa ya kulinganishia), zinatofautiana kuanzia UTC−12 hadi UTC+14, kwa hiyo kuna anayeianza tarehe 5 wakati mwingine bado yuko tarehe 3. Mimi ningeandika hivi: "Mwisho wa kupokea picha ni Ijumaa, 5 Juni 2026 (2026-06-05), saa 23:59 UTC−12." Kwa maneno hayo, mradi haufungwi mpaka tarehe 5 iwe imekwisha kila mahali duniani, na hakuna mshiriki atakayepoteza saa kwa sababu ya mahali alipo.