Klai ya Mbali na Klai ya Karibu

Shikamoo Mwalimu. Najifunza Kithai kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja unasema klai ni "mbali", ukurasa wa pili unasema klai ni "karibu". Je, mpiga chapa amekosea?

Marahaba. Mpiga chapa hana kosa, mwachie. Kithai kina toni tano, na hayo ni maneno mawili tofauti. La "mbali" hutamkwa kwa sauti tambarare, haipandi wala haishuki. La "karibu" huanzia juu kisha sauti ikaporomoka, kama mtu aliyechoshwa anavyosema "Aa!" Wathai wenyewe huyaandika tofauti kwa herufi zao. Ni hizi herufi za Kilatini, zisizoonyesha toni, zinazoyafanya yaonekane mapacha.

Yamenikuta hayo Bangkok. Nilimuuliza mama mmoja njiani kama kituo cha treni kiko karibu. Akajibu neno moja tu, klai, maana Mthai akikubali hulirudia neno ulilouliza. Mimi nikasikia "karibu". Nilitembea mpaka viatu vikaniuma ndipo nikang'amua kwamba kwa toni niliyoitoa niliuliza kama ni mbali, naye akanijibu kwa ukweli kabisa.

Kosa langu lilikuwa la mazoea. Sisi tukiuliza huichezesha sauti mwishoni: "Ni karibu?" Kwa Mthai sauti ya neno imekwisha kupewa kazi yake, ukiichezea umebadili neno. Ndiyo maana kuna neno dogo mai la kufungia swali, mfano wa "je" yetu, isipokuwa lenyewe hukaa mwisho. (Nalo lina ndugu zake: kwa toni nyingine mai ni "siyo", kwa nyingine ni "mpya", kwa nyingine ni "mbao". Usiogope, wanakuja mmoja mmoja.)

Ushauri wangu: usikariri neno kwa macho. Lisikie kwanza, liige, ndipo uliandike, na juu yake uchore kamstari: kanyoofu, kanakopanda au kanakoshuka.

Mwalimu, kile kisiwa cha Thailand nakiita "Fuketi" na mwenzangu ananicheka. Si imeandikwa Phuket?

Anakucheka kwa haki. Hiyo ph si f. Ni p inayotoka na pumzi, ile ile ambayo Wamvita huitumia kumtenga p'aa, mnyama, na paa la nyumba. Th ya Kithai nayo ni t yenye pumzi, wala si ile ya "thelathini". Sema Phu-ket, u ivutwe, t ya mwisho uifunge mdomoni bila kuiachia. Na ukikutana na neno linaloanza kwa ng, kama ngu, yaani nyoka, tabasamu: ni ng' ya ng'ombe. Wanafunzi wanaozungumza Kiingereza huihangaikia sana.

Rafiki yangu Mthai aliniandikia kwa Kiingereza kwamba atakuja na "fan" wake. Nikamuuliza anaimba wapi hata awe na mashabiki. Hajanijibu mpaka leo.

Mwombe radhi haraka! Neno hilo Wathai walilichukua kwa Waingereza wakalipa maana yao: fan ni mpenzi, na mara nyingi hata mume au mke. Alikuwa anakuletea mtu wa moyoni mwake.

Maneno ya mkopo huvaa nguo za mwenyeji. Kithai hakimalizii neno kwa l wala s. L ya mwisho hugeuka n, s hugeuka t. Sisi twaongeza irabu, wao wanabadili konsonanti. Bili yetu kwao ni bin, gesi ni kaet, tenisi ni thennit. Ukitamka "bill" kwa Kiingereza safi mezani, unaweza usieleweke. Sema bin.

Mwenyeji wangu kaandika tukutane sam thum. Kamusi inasema sam ni tatu, programu ya kutafsiri inasema 9 p.m. Nimwamini nani?

Wote wawili. Ni saa tatu usiku! Programu imekupitisha kwa Kiingereza bure, wakati Kithai na Kiswahili hapo vinahesabu sawasawa: saa moja usiku ni nueng thum, saa mbili ni song thum, hadi saa tano, ha thum. Thum ni mlio wa ngoma iliyokuwa ikitangaza saa za usiku.

Ila usijiachie. Baada ya saa sita usiku hesabu yao inaanza upya: saa saba usiku kwao ni ti nueng, yaani "piga moja". Akikuandikia ti sam, anakutaka saa tisa usiku, nami ningemuuliza kwanza kuna nini.