Kongwa baada ya matrekta

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Mji mdogo wa wakulima unabaki hai kwa nguvu ya nini?" Nadhani wengi watawajibu barabara, umeme na hospitali. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, mkoani Dodoma, na jibu langu ni jingine. Mji wetu umebaki kwa sababu wakulima wake hawakuwahi kuweka tegemeo lao lote mahali pamoja. Waliofanya hivyo walikuja na fedha nyingi kuliko tutakazowahi kuziona, na hawakumaliza hata miaka mitano.

Kwa wasiopajua: ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro unafika njia panda ya Mbande, unakata kulia, na muda si mrefu uko mjini. Kusini kuna milima ya Kiboriani, na ng'ambo yake ni Mpwapwa, wilaya tuliyomegwa kutoka kwake miaka ya 1990. Kwingine kote ni tambarare yenye miiba, mibuyu na udongo mwekundu. Mvua inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Lakini hizo hesabu za mwaka zinadanganya. Mvua inaweza kumwagika nusu yake ndani ya wiki mbili, kisha jua likawaka Februari nzima, mahindi yakakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Ofisini wataandika kwamba mvua ilikuwa ya wastani. Ghalani hakuna kitu.

Wagogo, wenyeji wa hapa, waliijua tabia hiyo kabla ya mtu yeyote kuja na kipimo cha mvua. Walipanda uwele na mtama, nafaka zinazoweza kusimama na kiu kwa wiki kadhaa zikaendelea mvua inaporudi. Mtu hakuwa na shamba moja. Alikuwa na kipande mbugani kwa mwaka wa ukame na kingine kwenye mwinuko kwa mwaka wa mafuriko. Ng'ombe nao hawakulala zizi moja. Mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa ndugu, wakwe na marafiki wa vijiji vya mbali. Wao wanakamua maziwa na kuchukua samadi, yeye anabaki na mali. Ugonjwa ukiingia kwake au nyasi zikiisha, hapotezi wote. Na aliyelishwa na ng'ombe wa mwenzake hawezi kumfungia mlango mwaka wa njaa. Mgeni aliyehesabu ng'ombe zizini mwa Mgogo hakujua utajiri wake, wala umaskini wake.

Mfumo huo una kikomo, tusijidanganye. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wazee waliiita Mtunya, na iliua watu wengi mno Ugogo. Ukame peke yake walikuwa wameuzoea. Kilichowamaliza ni ukame uliokuta akiba imeshabebwa na majeshi.

Sasa niingie kwenye habari ambayo wageni huulizia kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Clement Attlee, ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, wakazunguka kwa wiki chache, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa ilichaguliwa iwe ya kwanza. Urambo na Nachingwea zikafuata. Kazi ilianza 1947. Matrekta yakaletwa kutoka maghala ya vita, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Tawi la reli likajengwa kutoka reli ya kati, ambayo Wajerumani walikuwa wameipitisha kusini yetu, upande wa Gulwe na Msagali. Zikajengwa nyumba, hospitali, na shule ya watoto wa Kizungu. Maelfu ya vibarua walikuja kutoka kila kona ya nchi, maji na chakula vikawa haba, bei zikapanda, na mwaka huohuo wa 1947 wafanyakazi wakagoma.

Udongo ndio uliowashinda. Ukilowa, jembe linaingia vizuri. Ukikauka unakuwa mgumu ajabu, na chembe zake za mawe zinakula chuma. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo ardhi ikishafunga, unang'oa majani na karanga zinabaki humohumo. Mibuyu ilivunja minyororo ya kuing'olea, nyuki wake wakawatimua madereva. Na mvua ilifanya kama kawaida yake. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali yaishe: pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo ikaja kung'olewa.

Watu huisimulia hadithi hii kama kichekesho cha Wazungu wasiojua kitu. Sikubaliani nao kabisa. Walikuwa na wataalamu wa udongo, wahandisi, na nia ambayo si mbaya yote. Kosa lao lilikuwa kwenye hesabu: zao moja, kwa mashine zilezile, kwenye eneo kubwa, kwa tarehe zilizopangwa mbali sana na hapa. Kila walichokifanya kilikuwa kinyume cha yule Mgogo mwenye vipande viwili vya shamba na ng'ombe kwenye mazizi ya watu. Na jambo ambalo wageni huwa hawalitegemei: karanga Kongwa zinalimwa mpaka leo, tena kwa wingi. Zinalimwa kwa jembe la mkono, nyingi na akina mama, kwenye vipande vidogo vyenye kichanga, na zinang'olewa ardhi ikiwa bado na unyevu kwa sababu mwenye shamba analala hatua chache kutoka shambani. Mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa mikoa inayotoa karanga nyingi nchini.

Majengo yaliyoachwa yalipata wapangaji wengine. Mwaka 1964, Tanzania ikiwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kambi ya wapigania uhuru ilifunguliwa Kongwa, palepale kwenye mabaki ya mradi wa karanga. Walikuwepo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Samora Machel aliongoza mafunzo ya FRELIMO hapa. Vitabuni habari inaishia kwenye siasa na bunduki. Mjini inaendelea: wapiganaji walinunua mbuzi na maziwa kwa wenyeji, walicheza mpira nao, wengine wakapata watoto hapa, na zipo familia ambazo ukoo wa upande mmoja uko nchi za kusini. Waliokufa kabla ya kuona uhuru wamezikwa hapa.

Sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya taifa ya ng'ombe, ambayo ipo bado. Operesheni Dodoma, kuanzia 1971, ikawakusanya watu vijijini, wakaacha tembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, zilizotawanyika na kujenga kwa mstari. Shule na zahanati zilisogea karibu, hilo nalikubali. Ila mashamba yalikuwa mbali, na mifugo ya kijiji kizima ikakanyaga mahali pamoja hadi pakabaki vumbi. Maji pia hayakuwahi kutosha. Kongwa inajulikana duniani kwa watafiti wa macho, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakifuatilia ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoenezwa na nzi na nyuso zisizonawishwa. Mama aliyebeba ndoo kwa saa nzima hupangia kila kikombe kazi yake, na uso wa mtoto haukuwa wa kwanza kwenye orodha. Dawa za kugawa kijiji kizima na elimu ya kunawisha watoto kwa maji kidogo zimesaidia sana.

Siku hizi moyo wa wilaya umehamia Kibaigwa, kando ya barabara kuu, kwenye soko la kimataifa la mazao. Hapo ndipo nafaka inapopimwa, kuchekechwa na kupakiwa kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Kuna madalali, wapagazi, mama ntilie, mafundi wa magurudumu. Kwa miaka mingi ugomvi mkubwa ulikuwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi apate debe la bure. Mizani imepunguza, haijamaliza. Mahindi mengi ya Kibaigwa hayalimwi hata Kongwa. Yanatoka Kiteto, mkoa wa Manyara, ambako watu wetu wengi walikwenda kutafuta ardhi, na ambako mwaka 2013 na 2014 wakulima na wafugaji waliuana. Soko limetupa fedha, lakini sehemu ya gharama yake imelipwa huko.

Mkiniuliza basi ni nini kinaweza kuua mji wetu, sitataja ukame. Nitataja bei ya mahindi. Soko linayataka mahindi, na watoto wamezoea ugali mweupe, kwa hiyo mwaka hadi mwaka kipande cha uwele kinageuzwa kuwa cha mahindi, zao ambalo wiki tatu za jua la Februari zinalimaliza. Malisho yamepungua, kwa hiyo aliyekuwa akipokea ng'ombe wa mwenzake anakataa. Hana pa kuwachungia. Alizeti imesaidia kidogo, na karanga pia. Anayelima vyote hivyo na bado anaacha robo ya shamba kwa ajili ya mtama, majirani wanamwona amepitwa na wakati, mpaka ufike Machi wa mwaka mbaya ndipo wanatuma mtoto kwake na debe tupu.